Kura Moja ya Wakili Kumudini Meher

Ijumaa, tarehe 31 Machi, Wakili Kumudini Meher atasimama mbele ya Mahakama ya Wilaya ya Suliapali kwa mara ya mwisho, atainamisha kichwa kwa jaji, kisha atavua joho na kurudi nyumbani. Hapo utumishi wa miaka arobaini na miwili utakuwa umefika tamati. Kumi na minne kati ya hiyo aliitumia katika Bunge la jimbo, kwanza akiwa mbunge wetu, halafu akiwa Spika. Iliyobaki ameimaliza hapa hapa, kwenye korido zetu zenye joto na baraza yetu inayovuja kila masika.

Kamati ya jarida la Chama cha Mawakili imeniomba niandike kurasa chache, tena ziwe za furaha, kwa sababu siku hiyo kutakuwa na mashada ya maua, picha na chakula. Nitajitahidi. Ila mwanamke huyu amenitia udadisi tangu siku ya kwanza nilipopewa kiti pembeni ya meza yake nijifunze kazi, na sioni namna ya kumuaga bila kuligusa lile swali ambalo kila wakili mgeni hutuuliza kabla chai haijapoa. Ilikuwaje mtu aliyeyapigania mabwawa ya vijiji nusu ya maisha yake, siku alipopewa nafasi ya kuyaokoa kwa neno moja, akasema hapana?

Tuanze na nyumbani kwao. Marehemu baba yake, Ghasiram Meher, alikuwa mfumaji wa sari hapa mjini, wa zile ambazo nyuzi hufungwa na kutiwa rangi kwanza ndipo zifumwe. Ni kazi inayotaka utulivu, na mzee hakuupata. Binti yake alikuwa akichuchumaa kando ya kitanda cha kufumia na kuuliza kwa nini fundo hili limekaa huku, kwa nini nyekundu hutangulia nyeusi, nani aliyeamua kwamba samaki wa pindo la sari waangalie kushoto. Mzee alikuwa akipoteza hesabu ya mafundo na kulazimika kufungua kazi ya asubuhi nzima. Mwisho alimwambia mkewe ampeleke mtoto shule, kwa kuwa huko kuna watu wanaolipwa kujibu.

Alipohitimu sheria na kusajiliwa kuwa wakili, Mzee Ghasiram alikataa katakata binti yake avae joho la dukani. Alilifuma mwenyewe kwa pamba nzito na kulitia rangi nyeusi mara tatu. Lilikuwa zuri kweli, na masika ya mwaka ule yakaliumbua. Kumudini aliingia mahakamani ameloa, shingo nyeusi, mikono nyeusi, na ombi lake la kwanza la dhamana likafika mezani kwa hakimu likiwa na alama za vidole kila ukurasa. Hakimu aliligeuza huku na huku, kisha akauliza kama wakili msomi alikuwa anawasilisha ombi au alama za vidole za mshtakiwa. Baraza zima lilicheka mwezi mzima. Yeye aliendelea kulivaa joho lile mpaka rangi ikatulia, na dhamana aliipata.

Alikuwa mwanamke wa kwanza katika Chama chetu, na wazee wa wakati ule hawakujua wamweke wapi. Walimpa meza ya kona, karibu na mtungi wa maji, wakidhani atachoka. Saa ya mapumziko alitandaza gazeti, akamwaga bisi zake za mchele, akakatia kitunguu na pilipili mbichi, akanyunyizia mafuta ya haradali, na kwenda zake kunawa mikono. Aliporudi alikuta mawakili wawili wakubwa wamekwisha kuvuta viti. Kuanzia hapo ile kona ikawa ndiyo katikati ya baraza, na ndiyo mpaka leo.

Kesi iliyomjulisha mjini ilikuwa ya nyati. Mteja wake alishtakiwa kumwiba nyati wa maziwa wa jirani, na nyati mwenyewe, kwa kuwa ni kielelezo, alifungwa kwenye ua wa mahakama muda wote wa kesi. Kumudini alipomhoji mlalamikaji, alimwuliza nyati wako anaitwa nani. Upande wa pili ulipinga kwamba swali halihusiani na shauri. Hakimu naye alimwuliza wakili lengo lake ni nini, na yeye, badala ya kujitafutia sababu ya kisheria, alijibu kwamba hana lengo, anataka tu kujua. Mlalamikaji akasema anaitwa Malati. Mshtakiwa akaropoka kutoka kizimbani kwamba huo ni uongo, anaitwa Phuli. Basi mahakama nzima ikatoka uani. Mlalamikaji akaita Malati, nyati akaendelea kucheua. Mshtakiwa akaita Phuli, nyati akapunga sikio, basi. Kisha karani wa mahakama, aliyekuwa akimlisha majani kwa wiki zile zote, akatokea mlangoni kuona kuna nini, na nyati akakata kamba akamfuata. Hakimu alitangaza kwamba ushahidi umechanganyika, akawashauri majirani wapatane, nao wakapatana. Karani ndiye aliyelia siku nyati alipoondoka.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu watu hukitumia kusema kwamba Wakili Meher ni mjanja. Mimi niliyekaa naye meza moja nasema si ujanja. Ni mtu anayeuliza kwa kuwa hajui na anataka kujua, na akishapata jibu hawezi tena kujifanya hakulisikia. Tabia hiyo ndiyo iliyomfikisha Dumerbahal.

Wanawake wa kijiji cha Dumerbahal walikuja barazani kwetu mwezi wa kwanza wa kiangazi, wakiongozwa na mama mmoja mwembamba, mwenye sauti kavu, jina lake Sukanti Bag. Bwawa la kijiji chao, lililochimbwa na babu zao kwa majembe na vikapu, lilikuwa limekodishwa kwa mkandarasi wa samaki. Ofisa mmoja alikuwa ametia sahihi. Mkandarasi akalizungushia seng'enge, akaweka mlinzi. Watu waliozoea kuoga pale, kunywesha ng'ombe pale na kuwaaga wafu wao ukingoni pale, sasa walikuwa wanalitazama bwawa lao kwa nje. Sukanti alisema amekuja kwa wakili mwanamke kwa sababu wakili mwanamume angemwuliza kwanza mumewe yuko wapi.

Kumudini hakuuliza habari za mume. Aliuliza ilikuwaje watu walichimba wenyewe halafu ofisa akawa na la kusema. Sukanti akamjibu, "Mwanangu, hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe."

Kesi ilichukua miaka saba. Hapa wilayani tulishinda. Seng'enge iling'olewa, na siku ile wanawake walioga na nguo zao zote, wakicheka kama watoto. Mkandarasi akakata rufaa, na Mahakama Kuu ikatunyang'anya ushindi. Sheria ya ardhi ilisema bwawa ni mali ya serikali, nayo serikali ina haki ya kukodisha. Jaji aliyesoma hukumu alikuwa mtu mpole, na mwishoni aliongeza kwamba mahakama inawahurumia wanakijiji, ila wanaotaka sheria nyingine waende zinakotungwa sheria. Majaji wengi husema hivyo. Ni namna ya kufunga jalada kwa heshima. Kumudini alitoka nje, akasimama kwenye ngazi akiwa bado amevaa joho, akaniuliza uchaguzi wa Bunge ni lini.

Kampeni yake ilikuwa kituko. Wenzake walihutubia, yeye alikwenda kijiji hadi kijiji akiwauliza watu maswali, na alipopotea aliuliza njia. Mpinzani wake, tajiri wa mashine za mpunga, alilichukua hilo akalifanya wimbo wa mikutano: mgombea anayeuliza njia atatupeleka wapi? Watu walicheka sana, wakapiga makofi, halafu wakampigia kura anayeuliza njia. Wenye akili zao walisema angalau huyu akipotea atatuambia.

Bungeni aliwakosesha mawaziri raha. Kipindi cha maswali kilipofika, waziri mmoja alikuwa akimwona ananyanyuka tu basi anaangusha kalamu na kukaa chini ya meza akiitafuta mpaka zamu ipite. Katika mihula miwili ya kwanza alituletea daraja la Mto Jharnei, chuo cha wasichana, na jengo la pili la mahakama hii, lile ambalo kwa bahati nzuri halivuji. Lakini Muswada wa Mabwawa, ambao aliuandika kwa mkono wake na kuurekebisha kila msimu, ulilala kabatini. Nusu ya waheshimiwa walikuwa na ndugu mwenye bwawa la kukodi.

Muhula wa tatu chama chake kilirudi na wingi mwembamba kama uzi, na kikahitaji Spika ambaye pande zote mbili zingemwamini. Wote walimtaja yeye. Hakutaka. Spika hachangii hoja, haulizi maswali, hukaa juu akisikiliza, na kumweka mtu kama Kumudini kwenye kiti kile ilikuwa sawa na kumfunga mdomo kwa kitambaa cha hariri. Ndipo Waziri Mkuu wa jimbo akampa ahadi: kaa kitini, na muswada wako utaletwa ukumbini. Akakubali. Alinyamaza ili mabwawa yasemewe na wengine.

Waziri Mkuu alitimiza ahadi. Muswada uliwasilishwa na mbunge kijana wa eneo la jirani, Sudam Bhue, mtu mwenye kigugumizi kidogo na moyo mkubwa, na uliposomwa kwa mara ya mwisho nilikuwa kwenye roshani ya wageni. Pembeni yangu alikaa Sukanti Bag na wanawake wa Dumerbahal, waliosafiri kwa treni na vyakula vyao vimefungwa kwenye vitambaa. Chini kwenye viti niliona mapengo. Waheshimiwa kadhaa wa upande wa serikali walikuwa wameugua ghafla, wote siku moja, na wote, kama ilivyojulikana baadaye, wenye ndugu wa samaki.

Kura zilihesabiwa, zikalingana.

Katika hali hiyo Spika ndiye hupiga kura ya kukata shauri. Naukumbuka ule wepesi ulioingia ukumbini. Wabunge wa serikali walianza kutabasamu, Sudam Bhue alikuwa tayari anafuta macho. Mama Sukanti, ambaye hakuelewa lugha ya taratibu za Bunge, aliniuliza kuna nini. Nikamwambia zimelingana, sasa ameachiwa Dada Kumudini aseme. Akaegemea kiti, akafumba macho kama mtu aliyefika nyumbani.

Kumudini alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Waheshimiwa," alisema, "sheria hupitishwa na walio wengi kati yenu. Leo hakuna walio wengi. Si kazi ya anayekaa hapa kuwatengenezea. Kiti kinapiga kura ya hapana."

Kisha ukumbi ulilipuka, na wa kwanza kupiga kelele walikuwa wa chama chake mwenyewe. Mama Sukanti alinishika mkono akanitaka nirudie, huenda hakusikia vizuri. Nilirudia. Hakulia. Aliwakusanya wenzake, akavifunga upya vile vyakula ambavyo hawakuwa wamevila, wakaenda stesheni kusubiri treni.

Kanuni ile ipo. Si yeye aliyeitunga. Imeandikwa katika vitabu vya taratibu za mabunge kwamba Spika hutakiwa kuacha mambo yalivyokuwa pale wajumbe wanaposhindwa kuamua. Ila si sheria, ni desturi, na maspika wengi wameiruka kwa mambo madogo kuliko lile. Angeiruka, hakuna ambaye angemshtaki.

Siku ya tatu aliporudi mjini, Mama Sukanti alikuwa anamsubiri mlangoni. Nilikuwepo, nilikuwa nimempokea kwenye basi. Kumudini aliinama kumgusa miguu kwa heshima kama alivyozoea, na mama akarudisha miguu nyuma.

"Binti wa mfumaji," alimwambia, "ulikuwa na neno moja tu la kusema. Sisi tumekaa kwenye treni usiku kucha kwenda kulisikia."

"Mama, naomba uingie ndani nikueleze."

"Wamenieleza wengi. Hata mkandarasi amenieleza, tena kwa kicheko." Akajitanda sari yake kichwani na kuondoka.

Mwezi mmoja baadaye ikafika Nuakhai. Siku hiyo kila nyumba kwetu hula mchele mpya, kisha wadogo huwaendea wakubwa, huinama, husema juhar, na kinyongo cha mwaka mzima huishia hapo. Miaka yote kibaraza cha Kumudini siku ya Nuakhai kilikuwa hakina pa kuweka mguu kwa jinsi ndara zilivyojaa kwenye ngazi. Mwaka ule nilipofika mchana ngazi zilikuwa tupu. Mama yake mzazi, mzee sana na asiyeona vizuri, alikuwa amekaanga maandazi ya mchele na sukari guru kwa wingi uleule wa siku zote, na kila upepo ulipotikisa lango aliuliza nani huyo. Alipotambua sauti yangu aliniwekea sinia zima mapajani, akaniambia nile na sehemu ya wale waliochelewa.

Niliinama, nikasema juhar. Halafu nikauliza, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuuliza. Kwa nini, Dada?

"Nilitaka kusema ndiyo," alijibu. "Nilitaka mpaka ulimi ukauma. Lakini hebu kumbuka lile bwawa liliondokaje. Mtu mmoja alikaa kwenye kiti, akaona inafaa, akatia sahihi. Sasa na mimi nikae kwenye kiti, nione inafaa, nilirudishe? Akija mwingine baada yangu akaona haifai, nitamwambia nini?"

Nikamwuliza, na kama muswada hautarudi tena?

Alilitazama lango. "Basi nitakuwa nimekosea, na watu wa Dumerbahal watakuwa na haki ya kutokuja leo."

Nimelizungusha jibu lile kichwani miaka mingi. Barazani kwetu wapo wanaosema alikuwa ameona mbali: kwamba sheria iliyopita kwa kura ya mtu aliyewahi kuwa wakili wa Dumerbahal ingeburutwa mahakamani mpaka sisi sote tuzeeke. Wapo wanaosema alikipenda kiti kuliko watu. Mimi nilikuwepo pale kibarazani, na niliyemwona hakuwa mtu aliyeona mbali wala mtu aliyependa kiti. Alikuwa mtu aliyefanya aliloona ni halali bila kujua litazaa nini, huku mama yake akiuliza kila dakika nani huyo.

Uchaguzi uliofuata aliangushwa vibaya, hata na vituo vya mtaa wa wafumaji. Wiki iliyofuata alirudi barazani na joho lake mkononi, akaikuta ile meza ya kona ina mafaili ya mtu mwingine, akavuta kiti cha wageni akakaa. Mzee mmoja wa Chama, wa wale waliomweka karibu na mtungi wa maji, aliondoa yale mafaili na kutandaza gazeti. Dumerbahal walipohitaji wakili kwa shauri jingine, walimpita pale alipokaa wakaenda meza ya pili.

Mambo yalibadilika kwa njia ambayo hakuna mwanasheria angeibuni. Gazeti moja lilikuwa limechapisha majina ya waheshimiwa walioumwa siku ile ya kura. Mama Sukanti alisomewa majina hayo na mjukuu wake, akasema kwetu mtu akiugua huendewa kupewa pole. Akachukua wanawake wa Dumerbahal, wakabeba nazi na mitungi ya maji, wakaenda kwa mheshimiwa wa kwanza. Walikaa kibarazani kwake wakimuulizia hali. Anaumwa wapi? Anakula? Analala? Ugonjwa gani huo wa kumshika mtu saa ya kura na kumwachia saa ya chakula? Walikaa siku mbili. Kijiji cha pili kikasikia, kikamwendea mheshimiwa wa kwao. Kufikia kiangazi, jimbo zima wanawake walikuwa wanawatembelea wagonjwa, na wagonjwa walikuwa wanatokea mlango wa nyuma. Magazeti yalipiga picha. Hakuna aliyeweza kuwafukuza, maana nani anamfukuza mtu aliyekuja kumwombea afya?

Muswada ulirudi katika Bunge jipya, ukaletwa tena na Sudam Bhue, na hakuna mheshimiwa hata mmoja aliyeugua. Ulipita kwa wingi uliotikisa paa, na wapinzani kadhaa wakiwemo. Wakandarasi walikwenda mahakamani wakashindwa, wakaenda juu zaidi wakashindwa. Leo hii mabwawa ya vijiji ni mali ya vijiji, na ili kijiji kiliondoe bwawa lake mikononi mwake lazima mkutano wa watu wote ukubali.

Siku Dumerbahal walipokabidhiwa hati palikuwa na jukwaa, spika za muziki na hotuba. Kumudini hakualikwa. Kesho yake aliniomba nimpeleke kwa pikipiki. Alikaa kiubavu nyuma yangu akishikilia sari isiingie kwenye gurudumu. Tulipofika jua lilikuwa limepanda kidogo. Nguzo za seng'enge zilikuwa zimelazwa kando, na mbuzi wawili wamesimama juu yake. Mama Sukanti alikuwa kwenye ngazi za mawe, anafua.

Alituona tangu mbali na hakuacha kufua. Kumudini alisimama ngazi ya juu kabisa, hatua chache kutoka kwake, viatu mkononi, kama mtu anayesubiri ruhusa ya mahakama. Palikuwa na wanawake wengine majini.

Mama Sukanti aliikamua ile nguo, akaikung'uta, akaitandika juu ya jiwe. Ndipo aliposema, bila kugeuka:

"Sijakusamehe."

"Najua, Mama."

"Nilitaka ujue." Akachukua nguo nyingine, akaichovya. "Lakini bwawa si langu peke yangu. Unangoja nini? Oga."

Kumudini aliweka viatu chini, akashuka ngazi moja moja na sari yake, akaingia mpaka kiunoni, mpaka mabegani, kisha akazama mzima. Alipoibuka alikuwa analia na kucheka, na kwa sababu ya maji hakuna aliyeweza kutenganisha. Mwanamke mmoja alianza kumsugua mgongo. Mama Sukanti aliendelea na nguo zake, ila alisogea kidogo ili mtu apate pa kukaa.

Hawakuwahi kulizungumza tena, na Mama Sukanti alifariki miaka mitano baadaye bila kulifuta neno lake. Kumudini alisimama na wanawake wa kijiji pale ukingoni siku ya maziko. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemzuia.

Miaka iliyofuata nyote mmeiona wenyewe. Alikataa kugombea tena, ingawa vyama vitatu vilimfuata kwa nyakati tofauti, kimoja kikiwa na tarumbeta. Alianzisha zamu ya mawakili kwenda gereza la wilaya kila Jumamosi kusikiliza wasio na wa kuwatetea, na zamu hiyo haijakatika. Amewafundisha kazi mawakili kumi na tisa, tisa kati yao wanawake, na wawili sasa ni majaji ambao, kwa taarifa yao, bado anawasahihisha sarufi. Mwaka jana, katika shauri la ukuta, alimhoji fundi mwashi juu ya namna ya kuchanganya chokaa muda mrefu hivi kwamba jaji alilazimika kumkumbusha kuwa ukuta huo haubishaniwi umejengwaje, unabishaniwa ni wa nani. Aliomba radhi kwa mahakama, na wakati wa mapumziko akamtafuta fundi kwenye kibanda cha chai ili amalizie.

Akiulizwa sasa atafanya nini, anajibu kwamba hajui, na analisema hilo kwa uso wa mtu aliyepewa zawadi.

Wakili Meher, Mheshimiwa Spika, Dada yetu: Chama cha Mawakili wa Suliapali kinakushukuru kwa kazi, kwa ukali, kwa pilipili, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kufanya jambo gumu bila kuomba apendwe kwa ajili yake. Wapo kati yetu ambao mpaka leo hawakubaliani na kura yako, na watakuwa mstari wa mbele Ijumaa kukuvisha maua. Nenda kapumzike. Lala mchana bila mpiga mbiu wa mahakama kukuita jina, amka utakapo, na kibaraza chako kisikose wageni. Afya njema, siku tulivu, na heri katika yote yaliyobaki.

Wakili Debarchan Hota,
Katibu, kwa niaba ya wanachama wote